Vidole vya Somoe

Ipo nchi moja, msiniulize iko wapi kwa maana nami nina watoto wa kulea, ambayo kwa miaka arobaini haikumwajiri mtu asiye na cheti. Mfagiaji alitakiwa cheti cha kufagia pamoja na barua ya mwalimu aliyemfundisha kufagia. Mlinzi wa geti la makaburi alitakiwa diploma, ingawa hakuna aliyewahi kutoroka. Watu walisoma mpaka wakaota mvi, na nchi ikawa na wasomi wengi kuliko vyoo.

Siku moja Mtukufu Kiongozi akaenda mbugani kupumzika na mawaziri wake, thelathini na wawili, kila mmoja daktari wa jambo fulani. Njaa ikawashika. Wakafungua kapu wakakuta samaki wa kopo, na kifungulio kimesahaulika Ikulu. Daktari wa Uchumi akashauri kopo liundiwe kamati. Daktari wa Sheria akasema kopo lina haki ya kusikilizwa kwanza. Daktari wa Uhandisi akalibamiza kwenye jiwe, likamrukia mguuni. Saa nzima ikapita. Mwishowe dereva, mtu wa darasa la nne, akatoa bisibisi mfukoni, akalifungua huku anapiga mluzi.

Mtukufu akala samaki wote peke yake, akapangusa midomo, akatunga sheria palepale: vyeti basi! Kuanzia leo mtu ataajiriwa kwa kile anachokiweza kwa mikono yake mwenyewe. Sheria ikaitwa Ujuzi Kwanza. Yule dereva, kama mnataka kujua, alifukuzwa wiki iliyofuata kwa kosa la kuwa na bisibisi karibu na Kiongozi.

Redio ilipotangaza habari hiyo, Sikudhani alikuwa ameketi mbele ya jiwe lake katika kiwanda cha korosho cha Bwana Chipango. Akatupa kirungu chini, akapiga vigelegele mpaka msimamizi akadhani kuna aliyejifungua.

Alikuwa na haki ya kufurahi. Kwa miaka ishirini na miwili Sikudhani alikuwa mbanguaji wa kibarua, yule wa kusimama getini alfajiri kusubiri anyooshewe kidole, wewe ingia, wewe kesho. Mara tano aliomba ajira ya kudumu na mara tano akaulizwa cheti cha kidato cha nne. Wenye vyeti waliingia, wakavunja korosho, wakahamia ofisini. Yeye alibaki palepale. Na jamani, huyu mama alijua kubangua! Aliisimamisha korosho juu ya jiwe kwa vidole viwili, akaipiga mara moja tu, ganda likafunguka pande mbili na korosho ikatoka nzima. Wenzake walipiga mara tatu na bado zikatoka vipande. Kwenye ndoo ya Sikudhani, iliyovunjika ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Ila ganda la korosho lina mafuta yanayokula ngozi. Wabanguaji hupaka majivu vidoleni kila baada ya dakika chache, na majivu husaidia kama vile pole inavyomsaidia mfiwa. Mikono ya Sikudhani ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo, ngozi inabanduka juu ya ngozi. Binti yake, Somoe, alipokuwa mdogo, mama hakuwahi kumshika shavu kwa kiganja kitupu. Alimshika kwa upindo wa khanga. Tangu siku hizo alikwisha kuapa: mkono wa mwanangu hautagusa ganda, hata nikifa njaa.

Kwa hiyo alimsomesha. Alibangua ada, akabangua sare, akabangua nauli, mpaka Somoe akapata diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Diploma ilitoka Jumanne. Sheria ikatoka Alhamisi. Jumamosi wauza karanga walikuwa wanafungia karanga kwenye diploma za watu.

"Usijali," Sikudhani alimwambia bintiye. "Mimi nikipata ajira, tutakula wote, nawe utatulia utafute la kufanya. Zamu yangu imefika, mwanangu. Safari hii hawana pa kunikatalia."

Masikini Sikudhani. Aliidharau serikali yake.

*

Bwana Chipango aliwakusanya wabanguaji wote mia moja na arobaini uwanjani. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na siku hiyo alivaa suti.

"Ndugu zangu wajuzi!" alisema. "Nimewapenda siku zote, Mungu ni shahidi, ila sheria ya vyeti ilinifunga mikono. Leo imefunguliwa. Kwa furaha kubwa nawatangazia kwamba wote mmefukuzwa, ili mpate kuomba kazi upya kwa heshima yenu!"

Wanawake wakapiga makofi, maana walikwisha kuzoea kupiga makofi kwanza na kuelewa baadaye.

Usaili ulisimamiwa na Afisa Likwata wa Mamlaka ya Taifa ya Kuthibitisha Ujuzi, kijana mpole mwenye saa kubwa na glavu nyeupe. Alikuja na mizani, daftari, na kimashine cha kusoma alama za vidole, kwa kuwa kila mjuzi alipaswa kuandikwa katika Daftari la Taifa asije mtu akamwibia ujuzi wake.

Sikudhani akaitwa. Akabangua korosho hamsini, hamsini zikatoka nzima. Likwata akavua kofia.

"Mama, tangu nianze kazi hii sijaona. Mia kwa mia! Weka kidole hapa nikuandike."

Sikudhani akaweka kidole gumba. Mashine ikalia kwa uchungu. Akaweka cha shahada, ikalia. Vidole kumi vikapita kimoja kimoja. Bi Esha, shoga yake wa jiwe la pili, akashauri wajaribu cha mguu. Nacho kikasomeka mara moja, safi kabisa, ila fomu ilisema mkono.

"Mama," Likwata akasema kwa masikitiko, "mashine inasema hapa hakuna mtu."

"Si mimi huyu?"

"Mimi nakuona. Mashine ndiyo haikuoni, na mimi niko chini ya mashine."

"Alama zimeliwa na maganda, baba. Miaka ishirini na miwili! Si ndiyo huo ujuzi mnaoutafuta?"

"Ujuzi nimeuona, mama, tena ni mkubwa. Tatizo hauna mwenyewe."

Mpaka jioni, kati ya wanawake mia moja na arobaini, mashine haikumtambua hata mmoja. Iliwatambua wapwa watatu wa Bwana Chipango, ambao vidole vyao viling'aa kama vijiko vya wageni. Walivunja korosho zote walizopewa na moja ikamtoboa Likwata jicho kidogo, lakini walikuwa watu, mashine ilithibitisha. Wakapewa maksi arobaini na moja. Kufaulu kulikuwa arobaini.

Na sheria haikuishia hapo. Ilisema asiyeandikwa kwenye Daftari asiguse korosho kabisa, hata kwa kibarua, asije akaharibu uchumi. Sikudhani akaketi chini vumbini. Asubuhi alikuwa kibarua anayetaka ajira. Jioni hakuwa hata kibarua.

Likwata, niliwaambia ni mpole, akachutama kando yake. "Mama, sheria haina roho mbaya. Kuna kifungu cha kumi na nne. Ujuzi usio na alama unaweza kushikwa na ndugu wa damu mwenye alama, nawe ukabangua kwa jina lake. Nyumbani huna mtu mwenye vidole?"

Sikudhani akapangusa vumbi mikononi.

"Ninaye binti. Lakini kidole tu! Korosho haigusi."

"Aiguse ya nini?" Likwata akashangaa. "Yeye ndiye mwenye ujuzi."

*

Hivyo ndivyo Somoe, ambaye hakuwahi kushika kirungu, alivyoandikwa Mbanguaji Daraja la Kwanza, mia kwa mia, akapewa kitambulisho chenye picha na kadi ya matibabu. Kila asubuhi aliweka kidole kwenye mashine, ikamwitikia kwa mlio mtamu, kisha akaenda kuketi kwenye benchi refu ukutani pamoja na wenzake, mikono mapajani. Waliitwa Wenye Vidole. Mbele yao, chini, kwenye majiwe na moshi, waliketi mama zao na shangazi zao. Hao waliitwa Mikono, na kwenye karatasi hawakuwapo.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe, lakini jiwe nalo halina alama za vidole. Bi Esha, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alimkodi kinyozi wa sokoni, akaapa mbele ya Mamlaka kwamba ni ndugu yake wa damu. Kinyozi alikuja kila siku na mkasi wake akawa ananyoa watu kiwandani. Serikali ilipohesabu ikaona benchi limejaa na majiwe yamejaa, ikatangaza kwamba ajira imeongezeka maradufu. Bwana Chipango akapewa nishani.

Siku moja kiganja cha Sikudhani kilipasuka, damu ikachuruzika mpaka kwenye majivu. Wakakimbilia zahanati ya kiwanda. Mganga akasoma kadi, akaona jina la Somoe, akachukua bandeji akamfunga Somoe mkono wake mzima, vizuri sana, akampa na siku mbili za kupumzika. Sikudhani akarudi kubangua.

Jioni hiyo Somoe alifungua bandeji akamfunga nayo mama yake.

"Mama, nifundishe. Tusaidiane."

"Thubutu! Mikono hiyo ni ya kalamu."

"Kalamu ipi, mama? Kalamu si imefutwa?"

"Sheria zinabadilika, tumeziona ngapi? Itakuja nyingine na kalamu itarudi. Utashika kalamu kwa kitu gani ukishaharibu vidole? Nitazame mimi! Hata sindano siwezi kuitia uzi. Nimekuzaa ili mmoja wetu awe na mikono, sikukuzaa tuwe wawili hivi."

Somoe akazima taa. Mama akaona amemshinda kwa maneno, akalala na amani.

*

Sasa neno likafika makao makuu kwamba huko kwenye korosho kuna watu wanaajiriwa kwa vidole. Waziri wa Ujuzi akakasirika kwenye redio kwa dakika tisini. Hii, alisema, ni dharau kwa kopo la Mtukufu! Akatangaza Wiki ya Uhakiki: baada ya miezi mitatu atakuja mwenyewe, na kila mwenye ujuzi atabangua mbele yake kwa mkono wake. Atakayeshindwa ameghushi ujuzi, na jela ni miaka miwili.

Sikudhani alikosa usingizi na hamu ya kula. Akapanga Somoe aumwe. Kumbe wagonjwa watahakikiwa kitandani. Akapanga atoroke kwa mama yake mdogo. Kumbe kitambulisho kina picha. Alikwenda kwa Likwata kumsihi amfute Somoe kwenye Daftari. Likwata akaeleza kwamba kufutwa kunataka alama ya mjuzi mwenyewe akiri kuwa si mjuzi, na kukiri huko ndiko kosa lenyewe.

"Usihofu, mama," Somoe akasema. "Mungu yupo."

"Mungu yupo, na jela ipo!"

Halafu Ijumaa moja binti akarudi nyumbani na hina. Amepaka mikono yote miwili, nyekundu nzito ya kukaribia weusi, toka kuchani hadi kwenye vifundo. Sikudhani akashika kiuno.

"Lo! Makubwa haya! Na hii ya nani?"

"Nimejipendezesha tu, mama."

"Mtu hajipendezeshi tu hadi vifundoni! Nani huyo? Kinyozi wa Bi Esha? Ndiyo maana kila alasiri uko kwa Bi Esha hutoki!"

Somoe akacheka akiangalia chini, na mama akalichukua lile cheko akalifanya jibu. Usiku ule alimshukuru Mungu kwa kinyozi. Mume akipatikana mapema atamwoa na kumpeleka mbali, kijijini kwao, Waziri amkose. Kila hina ilipoanza kupauka, Somoe aliipaka tena, na kila alipoipaka mama alizidi kuchangamka. Akaanza hata kuulizia bei ya mikeka.

Kitu kimoja tu kilimkera, nacho ni mashine. Asubuhi moja Somoe aliweka kidole mara mbili ndipo ikamwitikia. Wiki iliyofuata mara tano. Kisha mara tisa.

"Ni hii hina yenu!" Sikudhani akamfokea Likwata. "Mashine gani haijui wanawake?"

Likwata akafuta kioo kwa glavu yake, akasema ataandika barua.

*

Siku ya uhakiki ilipofika, uwanja ulikuwa na hema, viti vya kukodi, na kwaya ya kiwanda iliyoimba wimbo wa kulisifu kopo. Kinyozi hakuonekana, alikwisha kuvuka mpaka na mkasi wake, na Sikudhani alimlaani mpaka na babu zake. Mchumba gani anakimbia siku kama hii!

Waziri akahutubia. "Wananchi! Zamani tulimuuliza mtu, umesoma nini? Swali la kikoloni! Leo tunamuuliza, unaweza nini? Na akituonyesha, tunamwambia, ahsante! Serikali haitaki karatasi yako. Inataka mkono wako!"

Makofi. Jina la kwanza likasomwa: Somoe binti Sikudhani.

Sikudhani alikuwa nyuma ya kamba, khanga ameikunja mkononi. Alikwisha kuamua. Korosho ya kwanza ikivunjika tu, ataruka kamba, atasema ni mimi, nilimdanganya mtoto, nifungeni mimi. Miaka miwili si mingi. Alikuwa anayapanga maneno midomoni.

Somoe akaketi kwenye jiwe. Akachovya vidole kwenye majivu, akavikung'uta, akachovya tena.

Hapo Sikudhani akasahau maneno aliyoyapanga. Ni nani aliyemwonyesha kuchovya mara mbili?

Somoe akasimamisha korosho kwa vidole viwili. Akapiga mara moja. Ganda likaenda kushoto na kulia, na korosho ikabaki jiweni, nyeupe, nzima. Ya pili nzima. Ya tatu. Kirungu kikashika mwendo, ta, ta, ta, hauna haraka na hauna kusita, na Sikudhani aliujua mwendo ule kwa kuwa ulikuwa wake. Watu wakaanza kushangilia. Wanawake wa kwenye majiwe wakapiga vigelegele, wengine wanalia kwa furaha kwamba mmoja wao amenusurika. Sikudhani akageuka kumtafuta Bi Esha. Bi Esha alikuwa ameinamisha kichwa, hataki kumtazama.

Mkono haupati mwendo ule bila kuungua. Sikudhani alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika nchi ile, mawaziri na udaktari wao wote wakiwamo. Alasiri zote zile. Hina yote ile. Naye alikuwa anaulizia bei ya mikeka! Alitaka kupiga yowe, na watu walikuwa wanampongeza, wanampiga mabegani, hongera mama Somoe, umezaa.

Hamsini zikaisha. Waziri akainuka, akaushika mkono wa Somoe akaunyanyua juu mbele ya kamera. "Huu hapa! Huu ndio mkono wa taifa!" Kisha kiganja kikaanza kumwasha, akauachia, akajipangusa kwenye koti la msaidizi wake.

Likaletwa kombe la Mbanguaji Bora wa Taifa. Kupokea kombe kunahitaji alama. Somoe akaweka kidole, mashine ikalia. Akaweka cha pili. Likwata alikuwa anamsaidia kimoja kimoja, jasho linamtoka, na alipofika cha kumi akavua glavu zake akaziweka mezani.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, "mashine inasema hapa hakuna mtu."

Waziri hakutetereka, hakuwa waziri bure. Akatangaza kwamba ujuzi ukionekana hadharani bila mwenyewe ni mali ya umma, na utatunzwa na mwajiri kwa niaba ya wananchi. Bwana Chipango akaitwa. Kidole chake kilisomeka kwa mguso wa kwanza. Akapokea kombe, akaombwa ashike na korosho kwa ajili ya picha. Akaishika juu chini.

Somoe akafutwa kwenye Daftari siku hiyo hiyo. Jela hakupelekwa, kwa sababu huwezi kumfunga mtu ambaye hayupo.

Uhakiki ukafungwa kwa jina hilo moja, na watu walipotawanyika Likwata akamfuata Sikudhani. Wallahi alikuwa na huruma ya kweli usoni. "Pole, mama. Lakini usikate tamaa, kifungu cha kumi na nne bado kipo. Huna mwingine nyumbani mwenye vidole?"

"Nilimzaa huyo mmoja," Sikudhani akasema.

Wakaondoka, mama na binti, wakipita kando ya ukuta wa kiwanda. Wakafika mahali ukuta unapokwisha. Sikudhani akasimama, akauchukua mkono wa Somoe akaugeuza kiganja juu. Majivu yalikuwa yametoka na hina imebanduka pamoja na ngozi. Akapitisha vidole vyake juu ya vidole vya mwanawe, bila khanga. Hakuhisi kitu, wala Somoe hakuhisi.

Alitaka kumzaba kofi. Alitaka kumuuliza kwa nini, naye alijua kwa nini.

"Mama," Somoe akasema, na macho yalikuwa yale yale ya siku alizokuwa anarudi shuleni na ripoti mkononi. "Nilivunja ngapi?"

Sikudhani akalia, waziwazi, barabarani, mbele za watu.

"Hukuvunja hata moja, mwanangu," akasema. "Hata moja."